Ziwa Kivu: Kaboni ileile, gesi mbili zenye tabia tofauti

Katika kina cha ziwa linalotenganisha Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimehifadhiwa gesi mbili, zote zikiwa na kaboni. Moja huzalisha umeme, nyingine inaweza kuua. Tofauti kati yao inatokana na namna atomu zake zilivyofungamana.

Wakazi wa Goma na Sake, mashariki mwa Kongo, wana jina la kifo kisichoonekana: mazuku. Ni gesi inayotoka katika nyufa za ardhi ya volkano na kutuama kwenye mabonde madogo na mashimo ya lava, hasa usiku na alfajiri upepo unapokuwa umetulia. Mbuzi anayeshuka shimoni kutafuta majani huanguka. Anayemfuata ili kumwokoa naye huanguka. Gesi hiyo haina rangi, na pua haiitambui. Ni kaboni dioksaidi, yaani hewa ya ukaa, ileile ambayo kila mtu huitoa anapopumua, isipokuwa hapo imejikusanya kwa kiwango ambacho mwili hauwezi kukistahimili.

Mji wa Goma umejengwa kwenye ufuo wa Ziwa Kivu, na katika maji ya kina ya ziwa hilo gesi hiyohiyo imeyeyuka kwa wingi usio wa kawaida. Wataalamu wanakadiria kuwa kama yote ingetolewa na kupimwa katika shinikizo la kawaida la hewa, ingejaza takriban kilomita za ujazo 300. Pamoja nayo zimo kilomita za ujazo zipatazo 60 za methani, gesi ambayo upande wa Rwanda inachomwa ili kuzalisha umeme.

Kila molekuli ya gesi hizi mbili ina atomu moja ya kaboni. Katika methani, kaboni hiyo imefungamana na atomu nne za hidrojeni. Katika kaboni dioksaidi, imefungamana na atomu mbili za oksijeni. Mtu anayetazama orodha ya viungo pekee angedhani ni ndugu wa karibu. Lakini moja huwaka na nyingine huzima moto. Moja ni nyepesi kuliko hewa na nyingine ni nzito. Moja huyeyuka majini kwa urahisi na nyingine huyakataa maji. Tofauti hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua usalama wa zaidi ya watu milioni mbili wanaoishi kando ya ziwa, na ndiyo pia inayowawezesha wahandisi kuitenga gesi moja na nyingine.

Elektroni hugawanywa vipi?

Atomu hushikamana kwa njia ya elektroni, chembe ndogo zenye chaji hasi zinazozunguka kiini. Katika baadhi ya michanganyiko, atomu moja humwachia mwenzake elektroni moja kwa moja. Chumvi ya mezani ni mfano ulio karibu na kila jiko: sodiamu hutoa elektroni, klorini huipokea, na kila moja hubaki na chaji. Chembe hizo zenye chaji huitwa ioni. Ioni chanya na hasi huvutana kwa nguvu katika pande zote, zikajipanga safu kwa safu kuwa punje ngumu ambayo haiyeyuki kwa moto hadi ifikie nyuzi joto 801. Hata hivyo, punje hiyohiyo ikitiwa kwenye kikombe cha maji hupotea kwa muda mfupi, kwa sababu molekuli za maji huzizingira ioni moja moja na kuzitenganisha.

Kaboni haina desturi ya kutoa wala kupokea elektroni kabisa. Hushirikiana na jirani yake, kila upande ukichangia elektroni katika jozi inayomilikiwa kwa pamoja. Wanakemia huuita ushirika huo kifungo cha kovalenti. Ndani ya molekuli kifungo hicho ni imara sana, lakini kati ya molekuli moja na nyingine mvuto ni hafifu, na hii ndiyo sababu methani na kaboni dioksaidi ni gesi katika hali ya kawaida ilhali chumvi ni jiwe.

Ushirika huo si lazima uwe wa haki. Mwanakemia wa Marekani Linus Pauling, katika miaka ya 1930, aliandaa kipimo cha uwezo wa kila atomu kuvutia elektroni upande wake. Katika kipimo hicho, kama kinavyotumika leo, hidrojeni ina 2.20, kaboni 2.55 na oksijeni 3.44. Tofauti kati ya kaboni na hidrojeni ni ndogo, hivyo elektroni zao hukaa karibu katikati, mfano wa timu mbili za kuvuta kamba zenye nguvu zinazokaribiana. Kati ya kaboni na oksijeni hali ni nyingine: oksijeni huvuta, elektroni husogea upande wake, na kaboni hubakia na upungufu, yaani chaji chanya kidogo, huku kila oksijeni ikiwa na chaji hasi kidogo.

Maji yenyewe ni kielelezo cha jambo hilo likifikia kilele. Molekuli ya maji ina oksijeni moja na hidrojeni mbili, nayo imepinda. Kwa kuwa oksijeni hujivutia elektroni, upande wake huwa hasi na upande wa hidrojeni huwa chanya, hivyo molekuli moja hushika nyingine kwa kile kinachoitwa kifungo cha hidrojeni. Kifungo hiki ni dhaifu kuliko vile vya ndani ya molekuli, lakini vikiwa vingi matokeo yake ni makubwa. Molekuli ya maji na ya methani zinakaribiana kwa uzito, 18 kwa 16, ila maji huchemka kwa nyuzi joto 100 wakati methani huchemka kwa takriban nyuzi 161 chini ya sifuri. Bila vifungo hivyo, duniani kusingekuwa na ziwa lolote la kuzungumzia.

Moja hukaribishwa, nyingine hukataliwa

Gesi inapotaka kuingia majini, inabidi ijitafutie nafasi kati ya molekuli ambazo tayari zimeshikana mikono. Kaboni dioksaidi ina kitu cha kutoa kama malipo. Ingawa molekuli yake imenyooka na mvuto wa oksijeni ya kushoto unafutwa na ule wa kulia, kila upande bado una chaji ndogo ambayo maji yanaweza kuishika. Sehemu yake ndogo hata huungana na maji na kuwa asidi hafifu ya kaboniki. Methani haina chochote cha namna hiyo. Hidrojeni zake nne zimeelekea pande nne, na hakuna pembe yenye chaji ya kutosha kuyavutia maji.

Matokeo yanapimika. Katika nyuzi joto 25 na shinikizo la kawaida la hewa, lita moja ya maji huchukua takriban gramu moja na nusu ya kaboni dioksaidi, lakini methani haifiki hata sehemu tatu za mia za gramu. Kwa hesabu ya molekuli, kaboni dioksaidi huyeyuka zaidi ya mara 20 kuliko methani. Watengenezaji wa soda hunufaika na tabia hiyo kila siku. Kama chupa ya soda ingetiwa methani badala ya hewa ya ukaa, ingehitajika shinikizo kubwa zaidi ya mara 20 ili kuingiza idadi ileile ya molekuli, na chupa isingestahimili.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo mara nyingi halielezwi vizuri katika taarifa kuhusu Ziwa Kivu. Kwa wingi, kaboni dioksaidi imeizidi methani mara tano. Msomaji angetarajia kwamba ndiyo inayosukuma zaidi kutaka kutoka. Kinyume chake, sehemu kubwa ya shinikizo la gesi katika maji ya kina hutokana na methani, kwa sababu maji hayaipendi. Kaboni dioksaidi ni mgeni aliyetulia. Methani ni mgeni anayetafuta mlango. Lakini ikiwa methani itaanza kutoka kwa kishindo, mapovu yake yatapandisha maji ya chini, na kaboni dioksaidi iliyokuwa imetulia nayo itafumuka.

Ziwa lisilochanganyika

Ziwa Kivu lina kina kinachokaribia mita 485. Katika maziwa mengi, upepo na mabadiliko ya joto huyachanganya maji ya juu na ya chini, na gesi hupotea polepole hewani. Kivu haifanyi hivyo. Mita 60 hivi za juu huchanganyika na zina oksijeni. Humo ndimo wanamoishi sambaza, dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambao leo ni kitoweo na riziki ya wavuvi wa pande zote mbili. Chini yake maji yamepangika kwa matabaka, na hakuna samaki anayeweza kuishi huko.

La kushangaza ni kwamba maji ya chini kabisa yana joto zaidi, takriban nyuzi 26, kuliko yaliyo kwenye kina cha mita 80. Kwa kawaida maji yenye joto hupanda juu. Yanayozuiliwa hapa yanazuiliwa na uzito: chemchemi zilizo chini ya ziwa huleta maji yenye madini, na ioni zake, zile zile za ukoo wa chumvi, hufanya maji kuwa mazito. Kaboni dioksaidi iliyoyeyuka huongeza uzito huo. Methani, kwa upande wake, huupunguza kidogo, lakini si kwa kiasi cha kuwashinda wenzake. Kwa hiyo mfuniko wa ziwa umetengenezwa kwa vifungo vya ioni na vya kovalenti kwa pamoja, na umedumu kwa karne nyingi.

Chini ya mfuniko huo, pasipo oksijeni, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho hutengeneza methani. Baadhi huioza mizoga ya mimea na wanyama iliyozama. Wengine huichukua kaboni dioksaidi ya volkano, wakaivua oksijeni zake na kuivika hidrojeni. Gesi ya kuzima moto hugeuzwa kuwa kuni.

Bomba linalojiendesha

Rwanda ilianza kuitumia gesi hiyo mapema. Mwaka 1963 mtambo mdogo ulijengwa Rubona, karibu na Gisenyi, na methani yake ikapelekwa kuchemshia maji katika kiwanda cha bia cha Bralirwa. Matumizi makubwa yalikuja baadaye sana. Kituo cha KivuWatt, chenye uwezo wa megawati 26, kilizinduliwa rasmi mwaka 2016 karibu na Kibuye, wilayani Karongi, na mradi mwingine wa Shema Power umefuata huko Rubavu.

Kanuni ya uchimbaji huo ni rahisi kuliko mtu anavyoweza kudhani. Bomba hushushwa kutoka kwenye jukwaa linaloelea hadi kina cha mita 350 hivi, ambako uzito wa maji ya juu huleta shinikizo la takriban mara 35 ya lile la hewa ya kawaida. Maji huvutwa kwa pampu mwanzoni tu. Yanapopanda, shinikizo hupungua na mapovu huanza kutokea. Mapovu huyafanya maji yaliyomo bombani kuwa mepesi, nayo huendelea kupanda yenyewe.

Karibu na uso wa ziwa gesi hutenganishwa na maji, lakini bado ni mchanganyiko wa methani, kaboni dioksaidi na kiasi kidogo cha salfidi ya hidrojeni, yenye sumu na harufu ya mayai viza. Mchanganyiko huo hauwezi kuwaka vizuri. Hapo wahandisi huitumia ile chuki ya methani kwa maji. Gesi hupitishwa ndani ya mnara huku ikioshwa kwa maji ya tabaka la juu. Kaboni dioksaidi na salfidi huyeyuka na kuondoka na maji. Methani hukataa na kuendelea na safari kwa bomba hadi nchi kavu. Hakuna kemikali ya gharama inayohitajika, kwa kuwa kazi yote hufanywa na tofauti ya chaji ndogo kati ya kaboni na oksijeni.

Moto hutoka wapi?

Katika injini za kituo cha umeme, methani hukutana na oksijeni ya hewa. Mara nyingi watu husikia kwamba nishati hutoka pale vifungo vya kikemia vinapovunjika. Maelezo hayo yanapotosha. Kuvunja kifungo hugharimu nishati daima. Faida hupatikana vifungo vipya vinapoundwa.

Hesabu yake inaweza kufanywa kwenye kipande cha karatasi. Kwa kila gramu 16 za methani, kuvunja vifungo vinne vya kaboni na hidrojeni hugharimu takriban kilojuli 1,650, na kuvunja molekuli za oksijeni zinazohitajika hugharimu kilojuli zipatazo 1,000. Jumla ni kama 2,650. Kisha atomu hujipanga upya: kaboni hufungamana na oksijeni mbili na kutoa karibu kilojuli 1,600, na hidrojeni huwa maji na kutoa nyingine 1,850. Jumla ni takriban 3,450. Zile 800 zinazobaki ndizo joto linaloendesha injini.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini kaboni dioksaidi haiwaki. Kaboni yake tayari imekwisha kufungamana na oksijeni kwa vifungo vilivyo miongoni mwa vilivyo imara zaidi. Ni sawa na majivu, na hakuna awashaye moto kwa majivu.

Kivuli cha Nyos

Hofu kuhusu Ziwa Kivu ina chanzo chake Cameroon. Tarehe 15 Agosti 1984, watu 37 walikufa karibu na Ziwa Monoun. Miaka miwili baadaye, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilifumuka na kuachia wingu la kaboni dioksaidi. Molekuli ya gesi hiyo ina uzito wa 44, wakati wastani wa hewa ni 29, hivyo wingu halikupaa. Liliteremka mabondeni kama maji na kuwakuta watu wakiwa majumbani mwao, wengine umbali wa kilomita 25. Zaidi ya watu 1,700 walipoteza maisha, pamoja na maelfu ya mifugo. Tangu mwaka 2001 mabomba yamewekwa huko ili kuitoa gesi kidogo kidogo.

Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos, na mwambao wake umejaa miji. Hata hivyo, ziwa halijafika ukingoni. Pale shinikizo la gesi linapokaribia zaidi kiwango cha hatari, bado ni nusu hivi ya shinikizo la maji linaloizuia. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2005 vilizua wasiwasi kwamba methani inaongezeka kwa kasi, lakini utafiti wa baadaye, uliochapishwa mwaka 2020, haukuthibitisha ongezeko hilo. Tabaka la maji halikuvunjika Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya Goma na kuingia ziwani. Halikuvunjika pia Mei 2021, wakati magma ilipopenya chini ya ardhi kuelekea ziwani na mamia ya maelfu ya watu wakaamriwa kuondoka mjini.

Kinachohofiwa ni tukio kubwa zaidi, mlipuko wa volkano katika sakafu ya ziwa ambao ungeyasukuma maji ya chini hadi mahali ambapo shinikizo haliwezi tena kuizuia methani. Kwa sababu hiyo, kuiondoa methani huleta manufaa mawili kwa wakati mmoja: umeme kwa nchi yenye vyanzo vichache, na kupungua kwa ile gesi inayosukuma zaidi.

Sharti ni kwamba uondoaji huo usiuharibu mfuniko. Maji yaliyokwisha kutolewa gesi ni lazima yarudishwe ziwani, na kina cha kuyarudisha ni suala lenye mabishano. Yakirudishwa juu sana, yatapeleka chumvi, kaboni dioksaidi na salfidi katika makazi ya sambaza. Yakirudishwa chini sana, yataichuja methani iliyobaki. KivuWatt huyarudisha kwenye kina cha mita 240 hivi, na Rwanda ina programu maalumu ya kufuatilia joto, chumvi na gesi katika matabaka ya ziwa.

Kwa upande wa Kongo, serikali ilitangaza zabuni ya vitalu vitatu vya gesi ziwani humo mwaka 2022. Tangu Januari 2025, Goma imekuwa mikononi mwa waasi wa M23, na uhusiano kati ya Kinshasa na Kigali umezorota. Matabaka ya maji hayakukatwa na mpaka huo. Bomba likimwaga maji kwenye kina kisichofaa Karongi au Goma, uzito wa tabaka hubadilika kwa pande zote, na ni lazima vipimo vya upande mmoja vilinganishwe na vya upande wa pili.